Mguu wa A

Alikuja saa nne, jua limeshapanda kibarazani
pale Mkwepu ninapochonga mihuri,
albamu kaifunga kwa kanga kama mtoto mwenye homa.
"Posta wameniambia fundi Msabaha anajua stempu."
Najua. Nikasogeza kopo la nyembe,
nikafuta meza kwa kiganja.

Ishirini na tatu. Nyingi za kawaida:
twiga, katani, mwenge, bei ya vocha.
Ukurasa wa mwisho, peke yake, chini ya nailoni,
Sultani na kilemba chake,
na juu yake, kwa wino mweusi, mshazari:
JAMHURI 1964.

"Hii baba alikataa kuiuza hata tulipokosa ada.
Alisema ni shamba."
Jina lake Tunu Mwinyimvua,
karani wa wakili, Mtaa wa Zanaki.
Shamba, nikarudia moyoni, nikavaa lenzi.

Kwanza meno: nikayahesabu, yametimia.
Nikaigeuza, mgongo nikaulowesha kidogo,
alama ya maji ikajitokeza, ikafifia.
"Stempu yenyewe ni halali, dada.
Tuulize hicho kilichoongezwa."

Wengi hukimbilia herufi.
Mimi hutazama kipi kimelala juu ya kipi.
Mhuri wa posta ulitangulia: duara, Wete, Machi 1962,
na wino wa JAMHURI umekatiza duara
kama tairi lililopita juu ya unyayo.
Nikampa lenzi atazame mwenyewe.
"Barua hii ilifika," nikasema, "ikasomwa,
bahasha ikatupwa mtungoni na risiti za sukari,
miezi ishirini na miwili kabla ya hiyo Jamhuri.
Sasa nani aliigongea?"

Akatazama muda mrefu, jicho moja kalifumba,
mdomo wazi kidogo kama atungaye uzi sindanoni.
"Kwa hiyo si shamba."
"Si shamba."
"Hata kiwanja?"
Tukacheka, yeye zaidi kuliko mimi,
halafu akanyamaza kabla yangu.
"Alitoa mshahara wa miezi miwili," akasema.

Lililobaki sikumwambia.
A ya JAMHURI ina mguu mfupi, wa kushoto.
Wembe uliteleza.
Ulikuwa mwaka wa sabini na tisa, sabuni kwa foleni,
mimi kijana wa miaka kumi na tisa,
na Gervas Mhagama wa forodhani kaniletea soli ya ndala:
"Chonga tu. Watanunua mabaharia,
meli ikiondoka na ushahidi umeondoka."
Nikaandika kinyumenyume, IRUHMAJ,
mwaka nao nikaugeuza tumbo juu ya mgongo.
Shilingi arobaini na mche wa sabuni.
Tuligonga usiku, kwa kibatari, stempu kuukuu za magunia,
na sikutazama tarehe hata moja.
Baharia gani? Mwinyimvua alikuwa akishona viatu vya polisi.

Alipokuwa akifunga kanga ndipo akakumbuka
kilichomleta mjini: mhuri wa ofisi umechakaa.
Akauandika kwenye kikaratasi: NAKALA HALISI.
Bei yake elfu kumi na tano.
Nikasema elfu nane.
Akaniangalia kama alivyoiangalia stempu,
akaacha elfu kumi, akasema chenji atachukua kesho.

A nne.
Nikazichora kwa penseli, zimegeuka, nikaanza.
Ya kwanza ikasimama. Ya pili. Ya tatu.
Ya nne, kwenye HALISI,
wembe ulipofika mguu wa kushoto
mkono ukataka njia yake ya zamani.
Nikausubirisha. Gari la taka likapita,
mwenye duka la jirani akaniita chai, sikuitika.
Halafu nikakata, polepole, mpaka mwisho wa mguu.

Nikaujaribu pembeni mwa gazeti la jana,
nikavaa lenzi,
nikajikagua kama stempu ya mtu.